Mtoto mweupe si wa mbwa koko

Mzee mmoja wa Cheyo alinipigia simu asubuhi, chai haijashuka vizuri. "Mwangaluka, daktari. Njoo uone maajabu. Mlinzi wangu kaniangusha." Nikajua ni habari ya mbwa, maana habari za ng'ombe zake hunipigia jioni. Na kabla hujaniuliza: mimi si daktari. Ni afisa mifugo mwenye diploma, lakini Tabora ukionekana na bomba la sindano na gambuti wewe ni daktari, na nimeacha kubishana.

Nilikuta jike lake la jemani, yaani mbwa mchungaji wa Kijerumani, limelala kwenye mabox, limezaa watoto saba. Watano weusi wenye miguu ya kahawia, mmoja mweusi tii mwili mzima, na wa saba mweupe kama unga wa muhogo. Dume ni la mzee mwenyewe, lipo banda la pili: mgongo mweusi, ubavu wa kahawia, uso mweusi. Jike nalo hivyo hivyo. Kwa hiyo kesi ilikuwa imeshakwisha kabla sijafika: mlinzi alilala, geti likabaki wazi, mbwa koko akaingia. Mlinzi alikuwa amesimama karibu na tangi la maji, ameshaambiwa mshahara wa mwezi huu asahau.

Nikamuuliza mzee, "Na huyu mweusi mtupu naye ni wa mbwa koko?"

"Aa, huyo ni wa kwangu. Si mweusi?"

Hapo ndipo nilipokalia ndoo nikaanza somo, kwa sababu yule mweusi na yule mweupe wamepita njia moja. Kila mtoto anachukua nakala moja ya jeni kwa baba na moja kwa mama. Zipo jeni ambazo nakala moja haionekani kabisa. Lazima zikutane mbili ndipo rangi itokee. Weusi mtupu kwa jemani ni wa namna hiyo. Weupe nao ni wa namna hiyo, ingawa ni jeni nyingine. Dume lina nakala moja iliyojificha, jike lina moja, wote wawili unawaona wa kawaida na mgongo wao mweusi. Wakipandana, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kutoka mweupe. Unaweza kupata tumbo zima bila mweupe hata mmoja, tumbo linalofuata ukapata watatu.

Nikamgeuza yule mtoto. Ngozi ya pua yake ilikuwa imeanza kuwa nyeusi, na kope nyeusi. Si zeruzeru. Jeni hii inazuia rangi nyeusi kwenye manyoya tu, kwenye ngozi na macho inaiachia. Halafu, nikamwambia mzee, tuseme kweli mbwa koko mweupe mwenye jeni hii aliingia. Bado mtoto asingekuwa mweupe bila jike lako kutoa nakala ya pili. Vyovyote utakavyohesabu, nusu ya weupe huo imetoka kwenye banda lako.

Sikumsafisha mlinzi kwa kila kitu. Jike akiwa kwenye joto anaweza kupandwa na madume mawili na akazaa watoto wa baba tofauti kwenye tumbo moja, hilo lipo. Lakini ushahidi aliokuwa nao mzee ulikuwa ni rangi, na rangi haikumshtaki mlinzi. Mshahara ulilipwa. Nilifuatilia.

Swali lake la pili ndilo lililonifanya niandike haya. "Basi mbona mwanangu wa Dar anasema kitabu cha Wajerumani kinamkataa mweupe?"

Kinamkataa kweli. Shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, lenye makao Thuin kule Ubelgiji, lina mwongozo wa kila aina ya mbwa, na wa jemani ni namba 166. Rangi zinazokubalika: mweusi mwenye sehemu za kahawia nyekundu, kahawia, njano hadi kijivu cheupe, mweusi mtupu, na kijivu chenye kivuli cheusi, ile ambayo wengi wanaiita rangi ya mbwamwitu. Pua lazima iwe nyeusi kwa wote. Alama ndogo nyeupe kifuani inavumiliwa ila haipendwi. Mbwa asiye na uso mweusi, mwenye macho ya rangi hafifu, kucha nyeupe au ncha ya mkia nyekundu, huyo anahesabiwa kuwa na upungufu wa rangi. Na mweupe anaondolewa kabisa, hata kama macho na kucha zake ni nyeusi.

Kinachonichekesha ni kwamba weupe ulikuwepo tangu siku ya kwanza. Tarehe 3 Aprili 1899, kwenye maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe, afisa wa wapandafarasi aliyeitwa Max von Stephanitz aliona mbwa mchungaji wa rangi ya mbwamwitu, Hektor Linksrhein. Akamnunua, akambadili jina kuwa Horand von Grafrath, na wiki chache baadaye, tarehe 22 Aprili, chama cha mbwa hawa kikaanzishwa na Horand akaandikwa namba moja kwenye daftari. (Huku kwetu Unyanyembe ilikuwa imepita miaka 6 tangu Wajerumani wamwangushe Mtemi Isike. Sijui kwa nini kila nikiisoma tarehe ile lazima nipige hesabu hiyo.) Sasa babu wa Horand upande wa mama, Greif von Sparwasser, alikuwa mweupe. Kwa maneno mengine, mbwa ambaye jemani wote duniani wanahesabiwa kutoka kwake alikuwa mjukuu wa mweupe. Kwa miongo kadhaa watoto weupe waliandikishwa pamoja na wenzao. Mlango ulifungwa Ujerumani mwaka 1933, na weupe ukabebeshwa lawama za magonjwa na udhaifu wa kila aina. Utafiti wa vinasaba uliokuja baadaye haukuuunga mkono uzushi huo. Ni jeni ya rangi ya manyoya, basi.

Na ukivuka mpaka sheria inageuka. Marekani, klabu yao kubwa ya AKC inasema rangi nyingi zinaruhusiwa, zilizokolea ndizo zinazopendwa, na zile za bluu au za maini ni kasoro kubwa. Mweupe anatolewa kwenye mashindano tangu 1968, lakini karatasi ya usajili anapewa kama ndugu zake. Uswisi walichukua njia nyingine kabisa: mwaka 1966 alizaliwa Marekani dume mweupe aitwaye Lobo, akapelekwa Uswisi, uzao ukakua, na leo mbwa weupe ni aina yao wenyewe, Mchungaji Mweupe wa Uswisi, namba 347 kwenye orodha ile ile ya FCI inayomkataa kwenye namba 166. Kwa hiyo kijibwa cha Cheyo kingezaliwa Ujerumani kingekosa, Marekani kingepata karatasi bila kombe, na binamu zake wa Uswisi wanapanda jukwaani na kuvishwa utepe. Damu ni ile ile.

Tabora tuna kiwango chetu ambacho hakijaandikwa popote: tandiko. Mteja akija kwangu kununua mbwa anatazama mgongo. Mgongo ukiwa mweusi na ubavu mwekundu, anatoa laki tano bila kusinyaa uso. Mweusi mtupu anaulizwa kama ni chotara. Wa rangi ya mbwamwitu ananyanyapaliwa kabisa, "huyu si mbwa wa kawaida tu wa Sikonge?" Na watoto wenyewe wanawachanganya watu, maana jemani wa tandiko huzaliwa karibu mweusi wote, kahawia inapanda polepole kutoka miguuni, na wengine wanaendelea kubadilika hadi mwaka wa pili. Wa mbwamwitu naye hupauka akiwa mdogo kisha hukolea tena. Wapo wafanyabiashara wanaojua sana jambo hili na wanauza kwa haraka kabla mtoto hajatimiza miezi mitatu. Sitasema zaidi.

Nywele ndefu nazo zina kesi yao. Zamani zilikuwa kasoro. Tangu mwongozo wa mwisho wa 2010 zinakubalika, mradi chini yake kuwe na manyoya mafupi mazito. Wakubali Wajerumani. Mimi nimekaa kwenye kiti na kitana nikimtoa jemani wa manyoya marefu kishonanguo na kupe baada ya matembezi ya masika, na sishauri mtu wa Tabora amtafute kwa makusudi.

Jambo ninalotaka wateja wangu walisikie ni hili: tandiko mnalolilipia ni mtindo wa majukwaa ya maonyesho. Kule kwao uzao umegawanyika pande mbili. Upande wa maonyesho karibu wote ni weusi na wekundu, mgongo ukiteremka kuelekea nyuma. Upande wa kazi, unaotoa mbwa wa polisi na wa uokoaji, umejaa rangi ya mbwamwitu na weusi watupu, yaani wale wale mnaowapita bandani kwangu mkielekea kwa mwenye tandiko. Von Stephanitz mwenyewe alikuwa wa rangi baadaye, kazi kwanza. Alitaka mbwa wa kondoo, na kondoo walipopungua Ujerumani akawapeleka mbwa polisi na jeshini wasije wakakosa ajira.

Ndiyo maana kwenye karatasi ya ukoo ya Kijerumani utaona herufi zinafuata majina. Kijana mmoja wa Isevya aliniletea karatasi ya dume aliyemnunua kutoka nje ya nchi, anajivunia jina refu la mbwa. Nikamwambia jina achana nalo, soma nyuma ya jina. Kwa babu kulikuwa na SchH3. Huo ni mtihani wa mbwa wa kazi, ambao baadaye uliitwa IPO na tangu 2019 unaitwa IGP, una ngazi tatu. Kila ngazi ina sehemu A, B na C, kila sehemu alama 100, na lazima upate angalau 70 kila sehemu. Ukipata 95 kwenye ulinzi na 60 kwenye kunusa, umefeli.

A ni kufuata nyayo. Ngazi ya tatu, mtu mgeni anatembea hatua zisizopungua 600 shambani, anapinda kona nne, anaangusha vitu vitatu, kisha njia inaachwa saa nzima ipoe. Mbwa anaifuata kwa pua na kuonyesha kila kitu kilipo. B ni utii: kutembea bila kamba, kulala akiambiwa, kuchukua kipande cha mbao cha kilo 2 na kukirudisha, kuruka kizuizi cha mita 1, kupanda ukuta wa mteremko wenye kimo cha mita 1.80. Katikati ya hayo bastola inapigwa, na mbwa anayetaharuki kwa mlio anarudishwa nyumbani. C ni ulinzi. Mbwa anazunguka vificho sita, akimkuta mtu kajificha anabweka mbele yake bila kumgusa. Mtu akikimbia au kushambulia, anang'ata mkono wa gunia aliouvaa mtu huyo, na hapo tu. Na akiambiwa achia, aachie. Asipoachia anaondolewa, hata angekuwa na meno ya simba.

Nilipofika kwenye kuachia, kijana alicheka. Mbwa wake haachii hata mfupa.

Kwa Wajerumani herufi hizo si mapambo. Kwenye maonyesho yao mbwa aliyetimiza miaka miwili hawezi kupewa daraja la juu, lile la V, bila cheti cha kazi, na bila cheti hicho hapiti ukaguzi wa kuruhusiwa kuzalisha unaoitwa Körung. Nyonga zinapigwa eksirei pia. Marekani na Uingereza mbwa anaweza kuwa bingwa wa uzuri bila kuwahi kunusa nyayo za mtu. Mimi hapo nipo na Wajerumani, ingawa kwa suala la weupe nimewaacha.

Kipo na cheti kingine, HGH, cha uchungaji wenyewe. Hicho kinafanywa na kundi la kondoo wasiopungua 200. Mashamba hayana uzio. Mbwa anatembea kwenye mpaka wa malisho na mazao, huku na huku, kondoo wasivuke. Hicho ndicho kilichomtengeneza jemani kabla ya polisi kumjua. Kila nikisuluhisha ugomvi wa ng'ombe walioingia kwenye mahindi ya watu huko Uyui, nawaza HGH. Mbwa wetu wa machungani ana ushujaa wa kumfukuza fisi, ila mpaka wa shamba hajafundishwa na mtu.

Nilimsimulia haya yote sheikh mmoja jirani, mtu mwenye utani mwingi, ambaye akipita kwangu hushika kanzu yake juu isije ikaguswa na pua yenye majimaji. Nilidhani atasema mambo ya Wazungu hayo. Akaniambia, "Mwanangu, hilo sisi tunalo zamani. Mbwa wa mifugo, wa kuwindia, wa kulinda shamba, hao wameruhusiwa. Wa kukaa tu kwa sababu ni mzuri, huyo ndiye anayekupunguzia thawabu kila siku." Akaendelea na safari yake, kanzu bado iko juu. Von Stephanitz angempa kiti kwenye kamati.

Mashindano ya IGP hapa Tabora hakuna. Hakuna mwamuzi, hakuna mkono wa gunia, na eksirei ya nyonga ya mbwa ni safari ya kwenda mbali. Lakini hiyo haimaanishi turudi kwenye tandiko. Kabla sijalipandisha jike langu, nalipitisha kwenye mambo yangu. Nalipeleka karibu na stesheni treni ya mizigo ikipiga honi. Nalipitisha sokoni kwenye mbuzi waliofungwa, lisiwavamie. Mtoto wa jirani anajificha kwenye miembe, na nalitazama kama linatumia pua au linakimbia ovyo kwa macho. Nalipa mfupa, kisha nauomba. Jike linalojikunyata kwa honi silizalishi, liwe na mgongo mweusi namna gani. Kujikunyata huko kunarithiwa, na mwenye ghala la tumbaku atakayenunua mtoto wake atakuja kunilalamikia mimi.

Na tafadhali, mbwa hafanywi mkali kwa pilipili. Bado naingia nyumba za watu na kukuta jemani amefungiwa banda la giza mchana kutwa, analishwa ugali wenye pilipili "awe mkali", anachokozwa na fimbo na kila anayepita. Unayemtengeneza hapo ni mwoga mwenye meno. Atamng'ata shemeji yako mchana na kujificha mwizi akija usiku. Mbwa wa sehemu C ni mtulivu. Anajua lini, wapi, na anajua kuachia. Mchana mtoe atembee, usiku ndio awe kazini. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, na hiyo haina mjadala.

Cheti kimoja cha Kijerumani tunaweza kukijaribu hapa bila vifaa, nacho ni AD, mtihani wa ustahimilivu. Mbwa anakimbia mwendo wa mchapo pembeni ya baiskeli kilomita 20, kasi ya kilomita 12 hadi 15 kwa saa, na mapumziko mawili katikati. Akifika anakaguliwa miguu na pumzi, kisha anafanya utii kidogo kuonyesha kwamba bado yupo. Haruhusiwi kabla ya miezi 16, mifupa haijakomaa. Baiskeli Tabora hazijawahi kutushinda. Ukitoka mjini hadi Kwihara kwenye tembe la Livingstone na kurudi, bado unadaiwa kipande kidogo.

Yule kijana wa Isevya anataka tufanye. Nimemwambia si Septemba wala Oktoba, jua la hapa litamuua mbwa mwenye manyoya ya tabaka mbili, na lami ikishika moto inachubua nyayo. Tusubiri Juni, tutoke saa kumi na moja alfajiri, tupite pembeni kwenye vumbi badala ya lami, maji tubebe sisi. Kinachotukwamisha kwa sasa ni mpanda baiskeli. Yeye anasema mbwa wake anamzoea yeye tu, na yeye mwenyewe hajawahi kuendesha hata kilomita tano bila kushuka kununua soda. Mzee wa Cheyo amemtoa mlinzi wake aendeshe, kwa posho safari hii. Na amesema yule mweupe akikua naye aandikwe kwenye orodha.